Nani Atasema Tuondoke?



Msimu wa mvua unapokaribia, taarifa ya habari ya saa mbili usiku huishia kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mtangazaji anataja mikoa: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Morogoro, visiwa vya Unguja na Pemba. Anasoma vipimo viwili ambavyo tumevizoea hadi hatuvisikii tena: uwezekano wa kutokea ni wastani, kiwango cha athari ni wastani. Kisha anataja athari zenyewe, na humo haikosi kuwamo ile ya baadhi ya makazi kuzungukwa na maji.

Makazi ya nani? Hapo ndipo utabiri unapoishia. Mtaalamu anayetazama mawingu kwa picha za setilaiti anauona mkoa, pengine wilaya. Haoni kwamba chumba chako kimejengwa chini ya usawa wa barabara, wala hajui kuwa mama mkwe wako aliye chumba cha uani hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Redio ikishazimwa kuna kazi inabaki, na hakuna ofisi itakayoifanya kwa niaba yako: katika nyumba yenu, nani atasema tuondoke, atasema lini, na mkishatoka mtakwenda wapi.

Nalishikilia swali hili kabla ya kufika kwenye tochi na ndoo, kwa sababu tukitazama maafa ya karibuni, watu hawakukosa habari. Vuli ya mwaka 2023 tuliambiwa mapema kwamba itakuja na El Niño. Ilikuja, na masika ya 2024 ikaunganisha. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mvua hizo na 236 wamejeruhiwa. Huenda wengi katika hao walikuwa na redio, simu na majirani.

Kwa nini basi mtu anakaa? Wapo watakaokujibu haraka kuwa ni ubishi, kwamba watu wa mabondeni hawasikii. Jibu hilo huwa rahisi mdomoni mwa mtu anayelala ghorofani. Anayekaa bondeni anakaa kwa sababu kodi pale inalipika, kwa sababu Kariakoo anafika kwa miguu, na kwa sababu biashara yake ya vitumbua ina wateja mtaa ule na si mwingine. Hayo ya kuishi pale tuyaweke kando. Mimi nauliza kwa nini usiku wenyewe, maji yakiwa tayari uani, hatoki.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Mwaka jana maji yaliishia kizingitini, na mwaka juzi yaliingia kidogo, wakayafagia. Kwa hiyo mwaka huu nao anayatazama maji yakipanda, na kichwani ana mstari ule wa mwaka jana, akiamini yatafika pale na kusimama. Desemba 2011 jiji la Dar es Salaam lilipata mvua ambayo wataalamu walisema haijawahi kuonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walifariki. Waliokuwa wameishi kando ya Msimbazi kwa miaka ishirini na thelathini walikuwa na kumbukumbu nzuri kabisa ya mafuriko, lakini ilikuwa ya mafuriko madogo kuliko yale.

Na Msimbazi una tabia yake. Mto huu unaanzia juu kwenye vilima vya Pugu, unashuka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapokea maji ya mito midogo njiani, halafu wote unajimwaga Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mtu wa Jangwani anaweza kutazama nje akaona manyunyu tu, akarudi kulala, kumbe mvua iliyonyesha Pugu iko njiani inamfuata. Anayeishi sehemu za chini za mto wowote, uwe Msimbazi, Ruvu au Nzoia kule magharibi mwa Kenya, hapaswi kupima hatari kwa mvua ya juu ya bati lake. Ampigie simu ndugu au rafiki anayeishi mto unakotoka. Simu ya dakika moja, "Huko kwenu kunanyesha vipi?", inaweza kumpa saa mbili au tatu za kujiokoa.

Sababu ya pili, nayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba hakuna mwenye kauli. Tuchukue nyumba moja ya kupanga, vyumba sita na korido katikati, choo kiko uani. Baba wa chumba cha kwanza ni mlinzi, yuko lindoni Masaki mpaka asubuhi. Mkewe anasubiri mumewe apige simu aseme la kufanya. Vijana wa chumba cha tatu wanamsubiri mama mwenye nyumba, maana wakitoka na mlango ukivunjwa wataulizwa wao. Mama mwenye nyumba naye anachungulia nyumba ya jirani: mbona wao hawajatoka? Na jirani anawachungulia hao hao. Basi nyumba kumi zinatazamana gizani huku maji yakipanda, kila mmoja anamsubiri mwenzake asionekane mwoga.

Dawa yake haina gharama. Siku moja ya jua, watu wa nyumba ile wakae kwenye mkeka uani wakubaliane mambo mawili. Kwanza, mtu mmoja mwenye kauli, na wa pili wa kumkaimu akiwa hayupo. Si lazima awe mwanamume wala mwenye umri mkubwa. Awe ni yule anayekuwepo nyumbani usiku na asiyeona haya kugonga milango ya watu. Pili, alama. Chagueni ukuta wa nje, nguzo au mnazi ulio upande wa mto, mpige mstari wa rangi nyekundu. Maji yakigusa mstari ule, watu wanatoka. Hapaitishwi kikao kingine, hapapigwi simu ya kuuliza, hapatazamwi jirani kafanya nini. Mstari uwe chini kuliko mnavyodhani, kwa sababu lazima mtoke wakati njia ya kutokea bado inapitika kwa miguu ya mtoto wa miaka saba.

Wazo la kuweka kumbukumbu ya maji kwenye kuta si langu. Wanafunzi na wakazi waliochora ramani za mitaa ya Dar es Salaam chini ya mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maji yalifika wapi mwaka fulani, na wenyeji wakawaonyesha kwa kiganja: hapa, kifuani. Kila mtaa una wazee wenye vipimo hivyo. Waulize kabla ya kupiga mstari wako.

Wapo wasiopaswa kuusubiri mstari huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, ambalo rangi yake ni ya njano, tahadhari, ya rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Angalizo ni la kawaida wakati wa masika, huwezi kuhama kila likitolewa. Likitoka, chaji simu, jaza maji ya kunywa, angalia mfuko wa vyeti uko wapi. Ikitoka tahadhari ya chungwa kwa mkoa wenu, bibi asiyeweza kutembea, mgonjwa wa kitandani, mjamzito aliyekaribia na mama mwenye kichanga waondoke mchana huo huo kwa bajaji. Ndiyo, zipo safari atarudi na hakuna kilichotokea. Bibi atalalamika kwamba amesumbuliwa bure na kwamba kwa mkaza mwana wake chai haina sukari. Mwache alalamike. Kumbeba mtu mzima mgongoni saa nane usiku ndani ya maji ya kiunoni hakuwezekani, hata kwa vijana wawili wenye nguvu.

Sasa, mnakwenda wapi? Hapa nimesikia mipango mingi ambayo ukiichunguza inavunjika. Mtu wa Magomeni anasema, sisi tutakwenda kwa shemeji Ilala. Lakini Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, kwa hiyo shemeji yuko ng'ambo ya maji yale yale unayoyakimbia. Chagua mahali palipo upande wako wa mto, pa juu, penye njia isiyokatiza daraja wala korongo: shule, msikiti, kanisa, nyumba ya mtu mnayefahamiana. Kisha tembeeni njia hiyo na watoto mchana wa jua, ili kila mmoja aijue. Na mchague ndugu mmoja aliye mkoa mwingine kabisa, tuseme mjomba aliyeko Dodoma, awe ndiye anayepokea habari za wote. Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu inapogoma. Kila atakayetoka salama amwandikie mjomba. Atakayemtafuta mwenzake amuulize mjomba. Mtoto anayejua kuhesabu hadi mia anaweza kukariri namba moja ya simu.

Tusidanganyane kuhusu wezi. Wanaume wengi wanaobaki nyumbani wakati familia imetoka wanabaki kulinda televisheni, godoro na cherehani. Ukimwambia mtu mali haina thamani kuliko uhai, atakubali kwa kichwa na atabaki vile vile, maana cherehani ndiyo ada ya shule. Cha kufanya ni kuitoa mali mapema. Tahadhari ya chungwa ikitoka, mpangane wapangaji watatu au wanne mkodi guta moja, vile vitu viwili vitatu vya kila nyumba vinavyoleta riziki vipelekwe kwa mtu wa juu. Friji iinuliwe juu ya matofali au meza. Mwenyekiti wa mtaa na ulinzi shirikishi waambiwe mapema nani analinda wapi, wakiwa wamesimama penye pakavu. Mali ikishatoka, hata mwanamume naye hupata sababu ya kutoka.

Kuhusu mfuko wa kuondokea nitasema kwa ufupi, kwa sababu mambo yake yanajulikana. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, mkataba wa kiwanja au wa pango, kadi za kliniki na za bima: vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, halafu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Vipige picha kwa simu na umtumie yule mjomba. Dawa za wiki moja kwa mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV. Hizi ndizo watu husahau, na ndizo zinazokosekana kambini. Tochi, redio ndogo ya betri, filimbi, khanga mbili, fedha taslimu kidogo, na chakula kisichohitaji moto: tende, karanga, biskuti. Unga na maharage havina kazi usiku ule. Mfuko utundikwe mahali pamoja, na asiwepo wa kuuazima.

Kabla ya kutoka, zima umeme kwenye swichi kuu, lakini iwapo tu hujasimama ndani ya maji. Maji yakishaufikia ukuta wenye swichi, usiiguse, toka. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri na ukazwe kwa kamba kwenye kitu kizito, kwa sababu huelea, na ukielea hugonga ukuta hadi mdomo ukakatika.

Mkiwa njiani, yaogopeni maji yanayotembea hata yakiwa machache. Maji ya magotini yakiwa na kasi humwangusha mtu mzima. Chini yake huoni chemba iliyofunuliwa wala shimo la choo lililobomoka, kwa hiyo anayetangulia ashike fimbo ndefu na apapase kila hatua. Gari nalo lisikutie ushujaa: maji ya nusu mita yenye kasi yanatosha kulibeba gari dogo. Aprili 2024 mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji asubuhi, na watoto wakafa. Mzazi ana haki ya kumwambia dereva wa shule, leo mwanangu hapandi. Na mwalimu mkuu asisubiri barua ndipo afunge shule siku hiyo.

Msikilizaji, hadi hapa nimezungumzia maji yanayopanda, ambayo angalau hukupa muda. Yako maafa yasiyotoa muda huo. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Karibu miezi mitano baadaye, Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu ya Mai Mahiu nchini Kenya yalipasua njia usiku na kuzoa nyumba pamoja na waliolala ndani. Waliokufa walipita 40. Yote mawili yaliwakuta watu kitandani. Kwa anayeishi chini ya mlima au chini ya bwawa, hatua ya maana ni kutolala wote usiku wa mvua kubwa iliyonyesha mfululizo. Zamu ya watu wazima wawili inatosha. Wasikilize ngurumo isiyo ya radi, watazame kijito: kikibadilika ghafla kuwa tope zito, au kikikauka wakati mvua inaendelea, maana yake huko juu kuna kitu kimeziba njia na kitaachia. Mkikimbia, kimbieni kwa ubavu, kupanda upande wa bonde. Anayekimbia kuteremka na mkondo anakimbizana na tope, na tope lina mbio kuliko yeye.

Tetemeko la ardhi halina hata hiyo zamu. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipiga Jumamosi mchana, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi zilizojengwa kwa tope na matofali mabichi. Maandalizi yake yanaanza kwa fundi: mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, usiokatwa ili kubana matumizi. Na kwa mwenye nyumba tayari, ni kutoweka kabati zito wala rundo la masanduku juu ya kichwa cha kitanda. Ardhi ikitikisika na uko ndani, jikunje chini ya meza imara na ulinde kichwa.

Kimbunga, kwa upande wake, ndicho kistaarabu kuliko vyote: hutangaza siku kadhaa kabla. Kile cha Hidaya, Mei 2024, kilifuatiliwa kutoka baharini siku baada ya siku hadi kikapungua nguvu kilipofika Mafia. Vyombo vya usafiri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimama, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Wengi walidhani mambo yamekwisha pale upepo ulipotulia. Lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kule Somanga, na mikoa ya kusini ikakaa siku kadhaa bila njia ya malori. Kwa hiyo mtu wa Lindi, Mtwara au Mafia akisikia kimbunga, ajue kwamba akiba ya unga, mafuta ya taa na dawa ni ya siku zinazofuata kimbunga, na ainunue kabla bei hazijapanda.

Nimezungumzia nyumba yako muda wote huu, na najua kuna msikilizaji anayekunja uso: mbona humtaji aliyeziba mtaro, aliyegawa kiwanja bondeni, aliyeacha daraja jembamba? Nawataja. Baada ya 2011 Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande na kuwapa viwanja, na baadhi yao walirudi mjini kwa sababu kule mbali hakukuwa na riziki. Kumhamisha mtu bila kuhamisha riziki yake ni kazi nusu, na wanaopanga miji wanalijua hilo. Wabanwe, kwenye mikutano ya mtaa na kwenye kura. Ila mto hautasubiri bajeti ipite, na mazungumzo ya leo ni kwa ajili ya mvua inayokuja kabla daraja halijakamilika.

Maji yakishapungua, msirudi kwa pupa. Umeme usiwashwe hadi fundi akague soketi zilizolowa. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimeshachanganyika na vyoo, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe vidonge vya klorini, hata yakionekana meupe kama yanavyoonekana siku zote. Unga uliolowa utupwe. Watoto wasiogelee kwenye madimbwi, na akitokea mtu wa kuharisha maji maji, apewe ORS na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, asisubiri kesho, maana kipindupindu huua kwa saa chache.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania ni 114. Iandike kwa chokaa nyuma ya mlango, pamoja na namba ya mjomba. Na jioni hii, kabla hamjafunga milango, waite wapangaji wenzako uani mchague mtu wa kusema tuondoke. Kama mtaa mzima hamumpati anayekubali kazi hiyo, basi kubali wewe.